Njaa Inayokuja Sistimu Ikishapona

Hotuba niliyoitoa mbele ya watu wa teknolojia jijini Dar es Salaam, Jumamosi moja kabla ya chakula cha mchana. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Na nyie wa rika langu, poleni na majukumu.

Kabla sijaanza naomba mgeuze ile ratiba mliyopewa mlangoni, mwangalie upande wa pili. Tafuteni mstari wa saa saba mchana. Umeandikwa: "Chakula cha mchana pamoja na mjadala wa jopo." Maana yake mtakula huku mkiwasikiliza watu wanne wakibishana juu ya usalama wa data, sahani mapajani, simu mkono wa kushoto. Na mimi nimeitwa hapa kuzungumzia msongo wa mawazo na ulaji wetu maofisini, nimeitwa na hao hao walioandika mstari huo. Siwasemi waandaaji kwa ubaya, ni watu wema, hata nauli wamenilipia. Nataka tu tuanze tukikubaliana kwamba ugonjwa wenyewe upo humu ndani ya ukumbi.

Mimi si daktari, wala mtaalamu wa lishe. Ni mtu wa sistimu. Huu ni mwaka wa kumi na moja nalinda mifumo ya malipo. Muamala ukikwama usiku, simu inayoita ni yangu. Nitakayoyasema kuhusu mwili nimeyasoma kwa sababu mwili uliosumbuka ni huu wangu.

Nianze na usiku mmoja wa mwisho wa mwezi. Mnajua mwisho wa mwezi ulivyo: mishahara imeingia, kila mtu anatuma, kodi ya nyumba, ada, hela ya mama kijijini. Saa kumi na moja jioni miamala ikaanza kurudi. Si yote, mmoja katika kila mitano hivi, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana kitu kikifa chote unajua pa kuanzia. Saa mbili usiku tulikuwa watu saba kwenye meza moja. Mkubwa wa huduma kwa wateja anapiga simu kila baada ya dakika kumi kuuliza "bado tu?" Kwenye meza ndogo, hatua tatu kutoka nilipokaa, kulikuwa na sahani ya sambusa iliyoletwa tangu mchana kwa sherehe ya mtu aliyekuwa akiaga. Nawaapia sikuiona. Sikuwa nimekula tangu chai ya saa nne asubuhi, na tumbo halikusema neno.

Saa nane na robo usiku kijana mmoja wa timu yetu akagundua kwamba cheti cha usalama, yaani kitambulisho cha kidijitali, cha seva moja kati ya tano kilikuwa kimeisha muda wake jioni ile. Cheti tu. Kikabadilishwa, miamala ikaanza kupita, watu wakapiga makofi. Hazikupita dakika kumi, njaa ikanikamata mpaka mikono ikatetemeka. Nilizimaliza zile sambusa, sita, zimepoa, mafuta yameganda. Kisha tukamtuma bodaboda atuletee zege, yaani chipsi mayai. Nilikula zege mbili, mayai manne yale, na soda baridi, saa tisa usiku, nimesimama. Asubuhi nilijitazama kwenye kioo nikajiita mlafi.

Nililiamini hilo jina kwa miaka kadhaa. Leo nimekuja kulikana.

Jioni ile habari ya miamala iliponifikia, mwili wangu haukuelewa habari ya cheti wala seva. Ulielewa hatari. Tezi zilizokaa juu ya figo zilimwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio, damu ikapelekwa kwenye misuli, tumbo likaambiwa lisubiri. Ubongo nao ukatoa homoni zake za kwanza za tahadhari, ambazo mojawapo ya kazi zake ni kuzima hamu ya kula. Ni akili nzuri. Anayekimbia moto hasimami kusonga ugali. Ndiyo maana sahani ya sambusa ilitoweka machoni pangu kwa saa tisa.

Lakini nyuma ya adrenalini hufuata kortisoli. Hii haina haraka, inakawia kuja na inakawia kuondoka. Ni kama mweka hazina wa kamati ya harusi: watu wameshacheza, maturubai yanafunguliwa, yeye ndiyo kwanza anakuja na daftari kuuliza nani amelipa. Kwake, nguvu zimetumika na lazima zirudishwe, na anazitaka kwa njia ya mkato, sukari na mafuta. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa kwa mtu aliyekimbia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti kimoja tangu asubuhi. Nililipa deni la mbio ambazo sikukimbia.

Sasa msije mkadhani kila mtu hula hivi. Yule kijana aliyegundua cheti ni mwembamba kama mlingoti, na mradi ukibana yeye haongezeki hata kidogo, anapukutika. Kuna kipindi tulikuwa tunahamisha mfumo mzima, mama yake akafunga safari kutoka Tanga kuja kumwangalia, akadhani mtoto anaumwa na anamficha. Nilijua ni tabia yake tu, mpaka nikasoma kuhusu utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao Whitehall II, uliowafuatilia watumishi wa serikali zaidi ya elfu kumi wa maofisi ya London, watu wa mafaili na meza kama sisi. Mwaka 2006 watafiti wake walitoa matokeo juu ya wanaume waliokuwa na kazi za mbano: waliokuwa wembamba tangu mwanzo walielekea kupungua, na waliokuwa wanene walielekea kuongezeka. Kazi ile ile. Kwa hiyo mtu anayekwambia "mimi nikiwa na stresi sili kabisa" akadhani ameokoka, mwambie mko basi moja, mmekaa viti tofauti tu.

Ila usiku kama ule hauji kila siku. Ungekuwa peke yake, mwili ungesamehe. Kinachotumaliza ni kile kidogo kidogo cha kila siku, nacho nilikifahamu kupitia droo.

Tulihama ofisi, kutoka ghorofa ya tatu kwenda ya saba. Kila mtu akapewa boksi aweke vitu vyake. Nikavuta droo yangu ya chini, ile ambayo haivutiki vizuri, nikaimwaga sakafuni. Zilikuwamo karatasi za biskuti 63. Nilizihesabu, kazi yetu ni kuhesabu. Kulikuwa na vifuko vya ubuyu vilivyoacha unga mwekundu kwenye kila kitu, kashata moja ngumu kama kigae, chupa nne tupu za enaji, na ganda la ndizi lililokauka likawa jeusi. Ndizi moja! Hilo tunda peke yake ndilo lilikuwa utetezi wangu.

Zile biskuti sikuzikumbuka. Namaanisha sikukumbuka kuzila. Basi nikafanya ninachofanya sistimu inaposumbua: nikaanza kuandika kumbukumbu. Wiki mbili nzima, kila nilichotia mdomoni nje ya mlo niliandika saa yake kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya skrini. Kisha nikaoanisha saa hizo na ujumbe ulioingia kwenye kompyuta. Nilitegemea kuona njaa ya saa nne na ya saa kumi, njaa za kawaida za binadamu. Sikuziona. Nilichoona ni kwamba mkono wangu ulikuwa unaingia kwenye droo muda mfupi baada ya ujumbe fulani kutoka kwa bosi. Ujumbe wenyewe ni maneno mawili: "Una dakika?"

Naona mnacheka. Mnaujua.

Hauna tusi ndani yake. Ni kwamba hujui unaitiwa nini, na kutojua ndiko kunakopandisha kortisoli. Biskuti inautuliza mwili. Siyo hadithi hii. Mwaka 2003 Mary Dallman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kule San Francisco walichapisha makala iliyobadilisha namna wataalamu wanavyolitazama jambo hili. Walikuwa wakifanya kazi na panya. Panya waliokuwa na msongo wa muda mrefu walipopewa sukari na mafuta ya nguruwe, mfumo wa tahadhari wa ubongo wao ulionekana kutulia. Hoja yao ikawa kwamba mnyama mwenye msongo anakula vile kwa sababu vinampoza. Kwa maneno mengine, biskuti inafanya kazi, na hapo ndipo penye shida. Ingekuwa haifanyi kazi tungeiacha siku ya pili. Inakupoza kwa muda mfupi, mafuta yanabaki kiunoni, na kesho bosi anauliza tena kama una dakika.

Wanaume humu ndani msijifiche nyuma ya biskuti zangu. Nyie droo zenu ni chupa. Soda ya kola yenye sukari yake kamili, chupa ya mililita 350, ina karibu gramu 37 za sukari, ambazo ni kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu tunazopata kwa siku, na likasema ingekuwa bora zaidi ikishuka nusu ya hapo, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima. Chupa moja tu umeshapita hapo, na bado hujanywa chai ya ofisini, ambayo mhudumu wetu anaiwekea sukari mwenyewe kwa upendo.

Halafu usingizi. Hapa nitasema kwa ufupi maana sote tunajua tunalala vibaya. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwachukua vijana wa kiume 12 wenye afya, wakawalaza saa nne nne kwa usiku mbili. Leptini, homoni inayouambia mwili kwamba umeshiba, ikashuka kwa asilimia 18. Grelini, ile inayoita njaa, ikapanda kwa asilimia 28. Na hamu iliyopanda zaidi ilikuwa ya vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Usiku mbili tu. Mtu wa zamu ya simu anaishi hivyo wiki nzima kila mwezi, halafu Jumatatu tunamshangaa akiagiza chipsi saa nne asubuhi. Kahawa aliyoinywa saa kumi na moja jioni ili amalizie tiketi, yaani taarifa ya tatizo aliyopewa kutatua, nusu yake bado inazunguka kwenye damu yake saa nne usiku.

Mwisho wa njia hii unajulikana. Wale wale wa Whitehall II, mwaka 2006, waliandika kwamba watu waliopimwa na kukutwa na msongo wa kazi mara tatu au zaidi katika miaka 14 walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kuwa na ule mkusanyiko wa tumbo kubwa, sukari ya juu, presha ya juu na mafuta mabaya kwenye damu, wakilinganishwa na wasio na msongo. Kwetu hapa, utafiti wa kitaifa wa 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu asilimia 9 wana kisukari na asilimia 26 wana presha. Sisemi ni kosa la seva. Nasema sisi wa viti tunapanga foleni mlango huo huo.

Nitoe duku duku langu moja hapa, halafu nirudi njiani. Kila ofisi ina mtu anayesema "mimi nina vidonda vya tumbo kwa sababu ya kukaa na njaa na mawazo ya kazi." Jamani. Barry Marshall, daktari wa Australia, mwaka 1984 alikunywa mchanganyiko wenye bakteria wa Helicobacter pylori ili kuthibitisha kwamba wao ndio wanaoshambulia tumbo, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Vidonda vingi vinatokana na bakteria huyo, na vingine vinatokana na dawa za maumivu kama diklofenaki, ambazo sisi wa migongo mibovu tunazimeza kama karanga, tena bila kula. Msongo unaweza kukuzidishia maumivu, ila ukiusingizia kila kitu hutaenda kupima, na bakteria anatibika. Nendeni mkapime. Nimemaliza hilo.

Sasa nije kwenye neno lililonileta. Tukishajua haya yote, ushauri tunaopewa ni upi? Jizuie. Beba tufaa. Kunywa maji. Kuwa na nidhamu. Nimekaa kwenye semina tatu za afya za ofisini, zote zimeisha na tufaa. Na mtoa semina akiondoka, kalenda inaonyesha kikao saa sita na nusu hadi saa nane mchana.

Ofisi moja niliyopata kufanya kazi zamani ilikuwa na friji imejaa soda za bure na kabati la biskuti za bure. Tuliwatambia marafiki zetu wa benki. Mambo yakibana, saa tatu usiku meneja anaagiza piza kwa timu nzima, anatupiga picha, "hawa ndio mashujaa wangu." Ilinichukua muda mrefu kupiga hesabu. Piza nne mara sita kwa mwezi ilikuwa rahisi mno kuliko mshahara wa mtu wa zamu ya pili. Tulikuwa tunalipwa mapumziko yetu kwa unga na jibini. Na aliyesema "mimi naenda kula nyumbani na watoto" alionekana hana moyo wa timu.

Najua lugha ya sheria inachosha, ila hii ifungueni masikio. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 23, inasema mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano apewe mapumziko ya angalau dakika 60. Sitini. Mwajiri anaweza kumtaka afanye kazi wakati huo pale tu ambapo kazi haiwezi kuachwa bila mtu au haiwezi kufanywa na mwingine. Na akikutaka ufanye kazi, au hata ukae tayari kwa kazi, katika muda ule, muda huo unalipwa. Kukaa tayari! Yaani kula huku jicho liko kwenye simu ya zamu. Sheria hiyo hiyo inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mameneja wakubwa sheria inawaweka kando katika sehemu hiyo, kwa hiyo bosi wangu anaweza kula biskuti kihalali. Wengi wenu hapa, hapana.

Katika timu yangu tulijaribu hivi. Kwanza tuliifunga saa saba hadi saa nane kwenye kalenda ya kila mtu, ikaandikwa "mfumo haupatikani." Watu wa idara nyingine walilalamika wiki mbili, kisha wakazoea. Pili, hatupandishi toleo jipya la mfumo Ijumaa wala siku tatu za mwisho wa mwezi. Tatu, mfumo ukisumbua kwa muda unaozidi saa mbili, mtu mmoja anatolewa kwenye meza, na kazi yake ni chakula tu: anaulizia nani hajala, anaagiza wali maharage na mchicha, anahakikisha kila mtu ameondoka mbele ya skrini robo saa. Mwanzoni ilionekana upuuzi, kumtoa fundi mzima akawe mama lishe. Lakini tukagundua mtu akirudi kutoka kula ndiye mara nyingi anayeliona kosa. Sina utafiti wa hilo, nina tiketi zetu tu. Nne, ujumbe wa "una dakika?" umepigwa marufuku. Unaandika unachotaka: "una dakika, nataka kuuliza likizo yako." Bosi amekubali, kwa taabu.

Yaliyoshindikana? Soda. Tuliondoa friji, watu wakaanza kushuka dukani. Na mimi mwenyewe droo imeanza tena kujaa tangu tulipoanza kuunganisha mfumo na benki mpya. Juzi nilihesabu karatasi kumi na moja.

Chini ya jengo letu kuna mama lishe, ana benchi mbili na turubai la bluu. Anaanza kupakua saa sita na nusu, saa nane na nusu anaosha masufuria. Ukichelewa, hata uwe meneja, atakwambia "mwanangu, chakula kimeisha, njoo kesho mapema," na habembelezwi. Miaka yote nilimwona ana kiburi. Siku hizi simu ikiita saa saba nikiwa pale, naye ananiangalia tu, kijiko juu ya sufuria, kuona kama nitaipokea.

Nimezungumza na mratibu wakati mnapiga picha kule nje. Jopo limesogezwa hadi saa nane. Pilau iko tayari pale chini ya mwembe, na kuna meza ya kuweka simu mlangoni. Walio zamu, mpeni mwenzako akushikie nusu saa, kisha mbadilishane. Karibuni.